Mwaka Tuliokataa Kutia Sahihi Wamaza

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika Lusangi kwa miguu, viatu mkononi na vumbi hadi magotini. Mama yangu, aliyekuwa akiuza chumvi na vitenge sokoni Kasongo, alikuwa ameniambia kwamba mwalimu haingii kijijini na viatu vichafu. Hakuniambia kwamba haingii bila viatu vilevile. Direkta wa shule, mzee Kalonda, alinitazama miguu, akatazama viatu, akasema, "Karibu, Mwalimu Zaina. Naona viatu vimefika vizuri."

Ninyi mnaobaki na chaki mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu kabla sijasahau. Ya vyeo sitayasema: nilipewa kimoja, nikakirudisha baada ya miezi miwili, na shule ikapona. Ya mshahara ningependa kuyaruka pia, lakini mbele mtaona kwamba haiwezekani.

Basi, Lusangi. Nilipewa darasa la pili. Ubao ulikuwa mlango wa nyumba iliyoanguka, na bado ulikuwa na kitasa chake, kwa hiyo kila mstari wa tatu niliuandika kwa kukizunguka. Direkta Kalonda ndiye aliyenifundisha kuutengeneza. Unavunja betri kuukuu za redio, unatwanga ule weusi wa ndani, unachanganya na maji ya majani ya mihogo, unapaka kwa kitambaa baada ya masomo ili kesho uwe umekauka. Mikono inabaki myeusi siku tatu. Alinifundisha pia kuandika huku nimewageukia watoto nusu. "Mwalimu mwenye kuwapa watoto mugongo," alisema, "anafundisha mugongo." Shingo yangu imepinda hadi leo, na muuguzi wetu anakataa kuamini kwamba ni ugonjwa wa kazi.

Chaki zilipokwisha tulichonga mihogo mikavu. Inaandika vizuri kuliko mnavyodhani. Ubaya wake niliujua asubuhi moja nilipotoka kumfuata mtoto mtoro, nikarudi nikakuta mbuzi wa jirani amesimama mbele ya darasa akilamba ubao. Alikuwa ameshamaliza kutoa, sasa anaingia kwenye kujumlisha. Watoto hamsini walikuwa wametulia wakimtazama, utulivu ambao mimi sikuwahi kuupata. Nilikwenda kulalamika kwa Direkta. Akaniuliza kama nilikuwa nimeandika fishi, ile karatasi ya kutayarisha somo. Nikasema ndiyo.

"Basi andika upya ubaoni. Mbuzi hajakula fishi."

Ndiyo maana nawasumbua juu ya fishi. Iandikwe, na iwekwe mahali mbuzi hafiki.

Kutoka Lusangi walinipeleka Nyangwe, darasa la nne. Pale, siku ya soko nusu ya darasa iko kwenye mitumbwi na nusu nyingine iko kwenye moshi wa samaki. Mwaka wa kwanza nilipigana na soko, soko likashinda. Mwaka wa pili nikahamisha hesabu zote kwenye siku nyingine, na siku ya soko nikaiachia nyimbo na kuchora, na wale wachache waliobaki wakawa waimbaji hodari.

Kesi yangu ngumu ilikuwa msichana mmoja, Mwajuma, binti wa mama aliyekausha samaki. Kuzidisha alijua, kutoa alijua, lakini kugawa alikataa kabisa. Nilijaribu vijiti, nilijaribu mbegu za mahindi. Kisha akaja inspekta, mtu mwenye miwani na haraka, akamsimamisha yeye kati ya watoto wote.

"Ishirini na nne, gawa kwa sita."

Mwajuma akafikiri. "Samaki wabichi ao wa kukauka?"

Inspekta akasema hakuna samaki, ni namba.

"Mubichi, kila mutu anapata wane," akasema Mwajuma. "Wa kukauka, hapana. Wa kukauka lazima kwanza utoe wa mwenye moto. Sasa mwenye moto hukumutaja."

Nilitaka kumkumbatia. Miezi yote ile mtoto alikuwa anajua kugawa. Alichokataa ni kugawa bila kumhesabu aliyefanya kazi. Inspekta aliandika katika ripoti yangu kwamba wanafunzi wa Mwalimu Zaina wana tabia ya kuuliza maswali. Aliiweka kwenye orodha ya makosa.

Wamaza nilifika nikiwa na mvi za kwanza, nimepakiwa nyuma ya pikipiki kati ya gunia la karanga na bidoni ya mafuta ya mawese. Nilipewa darasa la sita, la watoto wanaokwenda kwenye mtihani wa taifa, na sikuliacha tena hadi mliponiaga. Tulikuwa walimu sita na direkta wa saba. Wawili wa madarasa madogo walikuwa mama wapole ambao walikubaliana na kila mtu, na wa darasa la nne alikuwa mzee wa masikio mazito, nitawaacha wapumzike. Watatu ndio mnaopaswa kuwajua.

Wa kwanza ni Direkta Mupenda, mwanamume mwembamba aliyependa mihtasari. Mkitaka kuhamisha kabati, anafungua daftari na kuandika waliokuwepo. Wa pili ni Mwalimu Salumu wa darasa la tano, mtu wa Kasongo kama mimi, sauti kubwa, moyo mkubwa, na nyumba isiyo na paa ambayo alikuwa akiiezeka kwa maneno kwa mwaka wa nne. Wa tatu ni Mwalimu Kitenge wa darasa la tatu. Huyo alizaliwa palepale Wamaza, Mubangubangu kwa kabila, mkulima mwana wa mkulima, mpole, na mwandiko wake wa ubaoni ulikuwa mzuri kuliko wa kitabu. Mchana baada ya masomo alinyoa watu vichwa kwa wembe na kipande cha kioo. Mimi nilidhani anapenda kunyoa.

Wakati ule serikali ilikuwa imetangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Ni neno zuri, na tulilipokea kwa furaha. Darasa langu likatoka watoto arobaini na tano hadi themanini na wawili, wengine wakikaa juu ya matofali. Wazazi wakaacha kutoa ile michango ya walimu, na sisi tukabaki na mshahara wa serikali peke yake. Mshahara wenyewe ulikuja kwa pikipiki, mikononi mwa mlipaji, ukiwa umekatwa kidogo kwa ajili ya mafuta ya ile pikipiki. Halafu ikapita miezi mitatu bila pikipiki.

Salumu akaitisha mkutano darasani kwangu, saa ya mchana, watoto wameshakwenda. Direkta Mupenda akafungua daftari.

"Wandugu," Salumu akasema, "tugome. Mwenye duka ananikimbia mimi, si mimi ninamukimbia yeye. Anaogopa nitamuomba tena. Tunafunga masomo mupaka walipe, na walipe bila kukata mafuta. Pikipiki haiko mwalimu."

Mama wapole wakakubali. Mimi nikasema mtihani wa taifa uko wiki tisa mbele, na watoto themanini na wawili hawana kosa. Mama wapole wakakubali na hilo pia. Mzee wa darasa la nne akauliza nani amekufa. Tulibishana hadi jasho likatutoka, na hatimaye tukapata njia ya katikati, ile wanayoiita chaki iliyokufa. Mwalimu anafika saa yake, anaingia darasani, anaita majina, kisha anakaa. Hafundishi, haandiki. Shule iko wazi na haiko. Direkta Mupenda alifurahi sana, kwa sababu katika muhtasari aliweza kuandika yote mawili.

Tulipopiga kura kwa mikono, Kitenge hakunyosha mkono wa ndiyo wala wa hapana. Alikuwa anatazama dirishani. Salumu akasema, "Huyu analala," tukacheka, tukaenda nyumbani.

Ninyi mnaofikiri kugoma ni kupumzika, jaribuni kukaa kimya mbele ya watoto themanini na wawili kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa sijawahi kukaa darasani. Nilijua kuta zangu vizuri siku ile kuliko miaka yote iliyotangulia. Watoto walinitazama saa nzima wakingoja nifanye kitu. Kisha, kwa kuwa mtoto hawezi kukaa bure, wakaanza kufundishana.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Msichana mmoja mrefu alisimama mbele akafundisha sehemu. Alikuwa na sauti yangu, na mkono wake kiunoni kama wangu, na aliwaambia wenzake kwamba nusu kujumlisha nusu ni mbili ya nne. Nikakohoa. Akanitazama. Nikakohoa tena, mara moja, kwa nguvu. Akafuta, akaandika moja. Sikuona kama nimevunja greve, ule mgomo wetu. Kila mtu ana haki ya kukohoa. Kufikia saa sita nilikuwa nimekohoa somo zima la sehemu, na watoto wa mbele walikuwa wananiletea maji.

Siku ya pili ilimkuta Salumu. Darasa lake lilitenganishwa na langu na ukuta wa miti na udongo ambao haukuzuia kitu. Nilisikia mtoto mmoja akiwafundisha wenzake jiografia: kwamba mto Lualaba unatoka juu kule Nyangwe, unashuka kusini hadi baharini. Nikamsikia Salumu anapumua. Mtoto akaendelea, kwamba bahari yenyewe ni ile ya Kalemie. Kiti kikaanguka.

"Kaskazini," Salumu akanguruma. "Unakwenda kaskazini, mutoto wangu, mupaka Kisangani, halafu unapinda. Na Kalemie haiko bahari, ni ziwa. Leta chaki."

Alifundisha hadi kengele. Alipotoka nje uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa akila mchana wa Ramadhani. "Yaya Zaina," akaniambia, kama mtu na dada yake mkubwa, "usimuambie mutu." Nikamwambia sauti yake imefika hadi kwa mwenye duka. Tulisimama pale kwenye kivuli cha ukuta, tumeaibika wote wawili, na ndipo tukasikia kitu kingine. Kutoka darasa la tatu zilikuwa zinakuja sauti za watoto, kwa mpangilio, wakiimba kuzidisha kwa saba. Hakuna mtoto wa darasa la tatu anayeweza kujifundisha saba peke yake. Saba inataka mwalimu.

Salumu alifurahi kupata mkosaji mkubwa kuliko yeye. Tukaenda. Kitenge alikuwa ubaoni, amewageukia watoto nusu, chaki mkononi, mzima kabisa.

"Mwalimu Kitenge," Salumu akasema mlangoni, "unavunja greve toka jana?"

Kitenge aliwaambia watoto wanakili, akatoka nje, akafunga mlango taratibu. "Ndugu Salumu," akasema, "greve ni ya nini?"

"Ya mushahara."

"Mimi sina mushahara. Niko hapa mwaka wa tisa na jina langu halijaingia kwenye listi hata siku moja. Zamani wazazi walikuwa wananisaidia na ule muchango. Sasa masomo iko bure, na mimi pia nimekuwa bure." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Mukigoma, munangojea kitu. Mimi nikigoma nitangojea nini? Kwa hiyo nafundisha. Ni kile tu iko yangu."

Mimi nilikumbuka wembe na kipande cha kioo, na nikaona haya. Miaka mitano nilikuwa nimekaa na mtu huyu kwenye benchi moja. Siku za malipo alikuwa haonekani, na sikuwahi kujiuliza alikuwa wapi. Alikuwa shambani, akitupa nafasi ya kuhesabu bila yeye kututazama.

Asubuhi ya tatu alikuja Mama Sifa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwanamke mkulima aliyekuwa na watoto wanne shuleni, mmoja karibu kila darasa. Alikuwa na jembe begani na hakulishusha.

"Walimu, habari zenu."

"Nzuri, Mama."

"Nimesikia munanyamaza. Sikatai, mutu anaweza kunyamaza. Lakini nauliza: kunyamaza hamuwezi kufanyia nyumbani? Watoto wangu wanatembea saa moja kuja kusikia munanyamaza. Nyumbani kwangu iko kimya karibu zaidi."

Direkta Mupenda akauliza kama aandike hayo. "Andika," akasema Mama Sifa. "Na andika kama kuna barua ya kwenda kwa wakubwa, wazazi nao wanatia kidole." Kisha akaenda shambani kwake.

Tulifanya mkutano wa pili mchana uleule. Safari hii mimi ndiye niliyeanza, na kwa sababu sina sauti ya Salumu nilisimama. Nilisema chaki ifufuke kesho asubuhi, madarasa yote, mtihani uko karibu. Lakini siku mlipaji atakapokuja, hakuna atakayetia sahihi kwenye listi yake hadi jina la Kitenge liwemo. Bila sahihi zetu hawezi kutulipa, na bila kutulipa hawezi kufunga hesabu zake wala kukata mafuta ya pikipiki. Wao wameshazoea walimu wanaoacha kufundisha. Walimu wanaokataa kulipwa hawajawahi kuwaona.

Hata mama wapole hawakukubali mara moja.

"Yaya," Salumu akasema, akishika kichwa, "ngoja nielewe. Mimi nilitaka kugoma ili nipate. Sasa unaniambia nigome ili nisipate."

"Ndiyo hivyo."

"Na paa yangu?"

"Itangojea. Imezoea."

Kitenge alisimama akasema hapana, hataki watoto wetu walale njaa kwa ajili yake, jina moja si kitu. Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomshinda Salumu. Aligeuka, akaninyoshea mkono wake mkubwa. "Andika jina langu kwanza, Direkta. Lakini siku ile mutu anikalie juu ya mukono."

Tulikubaliana jambo moja zaidi: jina la Kitenge likiingia, yeye ndiye atakayetia sahihi kabla yetu sote. Tukaandika barua. Mzee wa darasa la nne, alipoelezwa kwa sauti ya kutosha, alitia sahihi na kusema alidhani tumeshafanya hivyo zamani.

Mlipaji alikuja wiki ya tatu baada ya hapo, na miezi mitatu yote ndani ya mfuko mmoja mweusi. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, aliyezoea kupokewa kama bwana harusi. Alipanga noti juu ya meza yangu. Sijawahi kuona meza ile ikipendeza vile. Direkta Mupenda akamsomea muhtasari wa mkutano wetu, kuanzia waliokuwepo.

"Sijaelewa," akasema mlipaji. "Hamutaki falanga?"

"Tunazitaka sana," nikamwambia. "Iko shida ya jina moja."

"Mimi siweki majina, Mama Mwalimu. Mimi naleta tu."

"Basi rudisha tu."

Alimgeukia Salumu, akimwona ndiye mtu mzima wa kuweza kuelewa maisha. Salumu alikuwa amekaa juu ya mikono yake yote miwili, ameangalia dari, midomo inatembea. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anasoma dua zote anazozijua, na zilipokwisha akaanza kuzidisha kwa saba. Mlipaji alingoja hadi chai yake ikapoa. Kisha akarudisha noti mfukoni, moja moja, polepole, akitupa nafasi ya kubadilisha mawazo. Hakuna aliyebadilisha. Pikipiki ilipopotea njiani, mmoja wa mama wapole akaanza kulia, na mwingine akamfuata, na sisi wengine tukaenda kuangalia ua wa shule.

Baada ya hapo ikaja barua kutoka ofisini. Ilisema mwalimu asiyetia sahihi anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha kazi. Direkta aliisoma mara mbili, uso umepauka, akaifungia kwenye kabati pamoja na mihtasari. Wiki zile tulikula sombe, yale majani ya mihogo, na bugali, na siku ya kubadilisha tulikula bugali na sombe. Mama Sifa alituletea mihogo kwa kikapu na kuondoka kabla hatujamshukuru. Watoto wangu themanini na wawili wakafanya mtihani wao. Yule msichana mrefu aliniambia alikutana na swali la sehemu, akanisikia nakohoa kichwani, akaandika jibu. Mimi nilikuwa silali vizuri. Nilikuwa nimewaingiza watu wazima wenye watoto katika jambo ambalo nililibuni nikiwa nimesimama, na sikujua kama nilikuwa jasiri au mjinga. Kazini mara nyingi ni kitu kimoja, hadi matokeo yatoke.

Mlipaji alirudi siku ya Jumatano, karibu saa nne. Alionekana amechoka na, nadhani, amefurahi kidogo. Alikaa kwenye benchi la mbele darasani kwangu, akatueleza. Kwa kuwa falanga zilirudi zote na listi haina hata alama moja, ofisini walilazimika kufungua makabati kutafuta huyo Kitenge ni nani. Walimpata. Alikuwa kwenye listi kwa miaka mingi. Lakini mtu mmoja, wakati wa kunakili, alikuwa amemweka kwenye shule nyingine, ng'ambo ya mto Luama, na kwa jina la Madame Kitenge. Kila mwezi mlipaji wa upande ule alimwita Madame Kitenge, hakuna aliyemjua, akaandika hayupo, mshahara ukarudi ulikotoka. Ilikuwa imebaki kidogo afukuzwe kwa utoro.

Salumu alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akauliza miezi yote iliyorudi imekwenda wapi, na mlipaji akasema yeye analeta tu. Kwa hilo Salumu anaandika barua hadi leo; nimeziona, zina mwandiko mzuri kuliko mwanzo. Na Kitenge alibaki Madame kwenye karatasi kwa mwaka mzima mwingine.

Jina lake lilikuwa limeongezwa mwishoni kabisa, chini ya langu, kwa wino wa rangi nyingine. Kwa makubaliano yetu mlipaji alianza kusoma kutoka chini.

"Madame Kitenge."

Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Tulidhani neno lile limemchukiza, na Salumu akamgusa bega. "Ni wewe, ndugu. Vumilia tu. Hata mimi kwa falanga zile ningekuwa Madame."

Kitenge akasimama. Alijifuta chaki kwenye suruali, mkono huu na mkono huu, akaja mbele, akapokea kalamu. Akaishika juu ya karatasi na hakuandika. Karatasi ilikuwa na visanduku vingi, namba, mistari ya kushuka na ya kulala. Niliona macho yake yanatembea juu yake, kushoto na kulia. Kisha akaniinamia, akaongea kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeogopa wenzake watamcheka.

"Yaya Zaina. Wanatiaka sahihi wapi?"

Miaka tisa alikuwa anawafundisha watoto wa Wamaza kuandika majina yao. Nikaweka kidole changu kwenye mstari.

Aliandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Sahihi hiyo ilikuwa kubwa mno kwa kile kisanduku. Mkia wa g ulishuka hadi ukingoni mwa karatasi, na ile K ya mwanzo ilipanda juu ikaingia kwenye kisanduku changu. Mlipaji alifungua mdomo kusema kitu. Direkta Mupenda akamtazama, mlipaji akaufunga.

Kitenge akanipa kalamu. Nikatafuta nafasi iliyobaki kando ya ile K, nikatia sahihi yangu, ndogo.